Usichomeke jenereta la sola kwenye soketi ya ukutani, hii ndiyo njia salama ya kuliunganisha na nyumba

Umeme umekatika saa moja usiku. Jirani ana jenereta la sola, lile boksi lenye betri ndani, mpini juu na soketi mbele. Halipigi kelele wala halinuki petroli. Ndani ya dakika tano taa za nyumba yake zinawaka, feni inazunguka na TV inaendelea na mechi.

Ukimuuliza kafanyaje, anakuonyesha waya. Una plagi upande huu na plagi upande ule. Kichwa kimoja kakichomeka kwenye jenereta, cha pili kwenye soketi ya sebuleni. Umeme unaingia kinyumenyume kwenye nyaya za nyumba na kusambaa vyumba vyote.

Inafanya kazi kweli, ndiyo maana watu wanaiga. Lakini waya huo unaweza kuua mtu, na mara nyingi anayekuwa hatarini siye aliyeuchomeka.

Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchini Tanzania wanajua kwa nini mashine hizi zinatamanisha. Mgao ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, ila nguzo ikianguka au transfoma ikiharibika, giza liko palepale.

Waya wa vichwa viwili una shida gani?

Anza na plagi yenyewe. Ukiichomoa ukutani huku jenereta linawaka, ile miguu yake ina umeme wa volti 230 na iko wazi mkononi mwako. Mtoto akiiokota sakafuni, hakuna kitu cha kumkinga.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya nyumba. Kama meni swichi haijazimwa, umeme wa jenereta hauishii kwenye DB. Unapita kwenye mita, unatoka, unapanda hadi nguzoni. Transfoma inayoshusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi 400 na 230 haijui mwelekeo. Ikilishwa kutoka upande wa nyumbani, inapandisha.

Hapo kuna watu husema, “Kajenereta kadogo hivi kataweza wapi kulisha mtaa mzima?” Ni kweli, mara nyingi mashine ndogo itazidiwa na kujizima. Lakini fikiria waya unaokuja kwako umekatika na mti, au fyuzi ya nguzoni imetolewa na fundi ili afanye kazi. Sasa hakuna mzigo wa majirani. Jenereta linaona nyumba yako tu, linaendelea vizuri kabisa, na ule waya ambao fundi anadhani umekufa una umeme. Au umelala njiani, na watu wanaurukia kwenda dukani.

Halafu umeme wa gridi unarudi. Hautoi taarifa. Unakutana uso kwa uso na umeme wa jenereta kwenye nyaya zilezile, na mawimbi yao hayaendi pamoja. Kinachoungua kwanza huwa ni inveta ya jenereta, na kama breka hazikukata haraka, nyaya zinaweza kushika moto.

“Mimi huwa nazima meni swichi kwanza.” Sawa, leo umekumbuka. Siku haupo, dada wa kazi au mdogo wako atakumbuka? Kuna mafundi pia huweka breka mbili pembeni pembeni, moja ya gridi na moja ya jenereta, na kukuambia usiwashe zote kwa pamoja. Kama hazikufungwa kwa chuma kinachozuia zote mbili kuwaka, bado unategemea kumbukumbu ya mtu aliye gizani.

Njia ya kwanza haihitaji fundi

Kama unachotaka ni taa mbili, ruta, TV na kuchaji simu, usiguse nyaya za nyumba. Chukua ekstensheni nzuri, ichomeke kwenye jenereta, na vifaa vichomekwe kwenye ekstensheni. Kwa vyumba vya kupanga hii inatosha kabisa, na mwenye nyumba hatakuuliza kitu.

Kuunganisha na nyumba kuna maana pale unapotaka taa za ukutani na friji viwake bila kuvuta nyaya kila chumba.

Chenji-ova ndiyo roho ya kazi

Kifaa kinachofanya kazi hii kwa usalama ni swichi ya kubadilishia, mafundi huiita chenji-ova. Ina nafasi tatu: I ni gridi, 0 ni kati, II ni jenereta. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande zote mbili. Ili ufike II lazima uachie I, upite 0. Hata ukiwa na usingizi, hata mtoto akichezea, gridi na jenereta havikutani.

Kwa nyumba ya fezi moja, hakikisha chenji-ova inakata laini na nyutro, siyo laini peke yake. Ukiacha nyutro imeunganishwa moja kwa moja, bado kuna njia kati ya nyumba na nguzo.

Inakaa baada ya mita. Fundi anaweza kuiweka kabla ya DB nzima, lakini kwa jenereta la kubebeka busara ni kutengeneza kiboksi kidogo cha pili, chenye taa, soketi ya TV, ruta na friji tu. Chenji-ova inalisha kiboksi hicho. Hita ya maji, jiko la umeme na pampu vinabaki upande wa gridi, kwa hiyo hakuna mtu atakayeviwasha kwa bahati mbaya.

Jenereta nalo lisichomekwe kwenye soketi ya kawaida. Ukutani inafungwa plagi ya kuingizia umeme, ambayo miguu yake imejificha ndani ya kiboksi chake. Kebo inayotoka kwenye jenereta inaishia na matundu, siyo miguu. Ukiichomoa ikiwa na umeme, hakuna chuma kilicho wazi. Kwa jenereta la wati 2,000, ambalo linatoa kama ampia 9, kebo ya milimita 2.5 inatosha.

Nyumba za fezi tatu ni habari nyingine. Jenereta hizi ndogo hutoa fezi moja, kwa hiyo fundi huchagua saketi za kulisha. Asiunganishe fezi tatu pamoja ili kurahisisha kazi.

Muulize fundi kuhusu ethi

Hapa hata mafundi wazuri huteleza. Kwenye umeme wa gridi, nyutro imeunganishwa na ardhi upande wa transfoma. Ndiyo maana ile breka ya kuzuia shoti kwa mtu, yenye kitufe cha T, huweza kukata. Jenereta nyingi za sola nyutro yake inaelea, haijashikana na ethi. Ukihamia upande wa II, breka ile inaweza isikate hata kama kuna hitilafu, na wewe unaamini inakulinda.

Suluhisho linategemea mashine. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu nyutro iunganishwe na ethi, wengine wanakataza kwa sababu inaweza kuharibu inveta. Kitabu cha maelekezo ndicho kinachosema, na fundi akisoma kitabu kabla hajafungua bisibisi, huyo ni fundi.

Tanzania Bara leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na Kenya ni EPRA. Omba kuiona. Na kitu chochote kilicho upande wa nguzo hadi mita ni cha shirika la umeme, fundi wa mtaani asikiguse.

Usidanganywe na namba kwenye boksi

Wati ni nguvu inayoweza kutoka kwa wakati mmoja. Wati-saa ni akiba iliyomo kwenye betri. Boksi la wati-saa 1,000 ukitoa kinachopotea kwenye inveta linakuachia kama 850.

Taa sita za LED za wati 9 ni 54. Ruta 10, TV 80. Jumla 144, kwa hiyo unapata karibu saa sita. Ongeza friji inayokula wastani wa wati 60, zinabaki kama nne. Friji na pampu zina tabia moja ya ziada: zinapoanza huvuta mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida, kwa hiyo jenereta linaweza kujizima ingawa hesabu inakubali. Pasi na birika sahau.

Angalia pia volti. Boksi lililotumwa na ndugu kutoka Marekani kwa kawaida hutoa volti 120, na vifaa vyetu ni 230. Usiliunganishe na nyumba. Lililonunuliwa Dubai au Muscat huwa linaendana na huku, ila soma kibandiko cha nyuma kwanza.

Siku ya kwanza baada ya kufunga

Kabla hujamlipa fundi, mwambie apime mbele yako. Meni swichi izimwe, chenji-ova iwe II, jenereta liwake, halafu atumie mita kupima upande wa gridi wa chenji-ova, laini na nyutro. Pasiwe na chochote.

Umeme ukikatika, zima breka za kiboksi kidogo, peleka chenji-ova 0, chomeka kebo, washa jenereta, kisha nenda II na uwashe breka moja moja. Ukimaliza, rudi kwa mpangilio huohuo kinyume. Plagi ya kuchajia jenereta isiwe kwenye soketi ambayo jenereta lenyewe linailisha, maana litajichaji kwa umeme wake na kuisha bila kazi.

Ukiwa upande wa II taa zako hazitakuambia gridi imerudi. Tazama taa ya barabarani au taa ndogo ya mita ya LUKU. Au sikiliza watoto wa mtaani, kelele zao za “umeme umerudi!” hutangulia kila kitu.