Nani Atasoma Damu ya Watoto wa Kolwezi?

Katika mji wa Kolwezi uko mtaa uitwao Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa huo alikuwa akichimba shimo nyumbani kwake, akayakuta mawe ya kobalti. Habari haikukaa siri. Haukupita muda, majirani nao wakaanza kuchimba nyuani mwao, na hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Mtaa wa watu ukageuka machimbo, na watoto wakaendelea kucheza, kula na kulala palepale, katikati ya vumbi la mawe.

Walifika huko wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Miongoni mwao walikuwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na daktari Benoit Nemery wa Leuven. Waliwachunguza wakazi 72 wa Kasulo, na kati yao 32 walikuwa watoto. Wakawalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Katika mkojo wa watoto wa Kasulo kobalti ilikuwa mara 10 ya ile ya watoto wa mahali pengine. Tena zilionekana dalili kwamba DNA ya watoto hao ilikuwa ikidhurika. Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike leo.

DNA ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe umo uzi mwembamba sana, na juu ya uzi huo yamo kama maandishi, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Uzi huo ndio DNA. Maandishi yake yana herufi zipatazo bilioni 3, nayo huuelekeza mwili jinsi ya kujijenga na kujitunza. Nusu ya urithi huo mtoto huupata kwa baba, na nusu kwa mama.

Elimu hii haikuanza jana. Padre Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu mwaka hata mwaka, na mwaka 1866 akachapisha kanuni za urithi alizozigundua. Mwaka 1953 umbo la DNA likajulikana. Mwaka 1990 mataifa yalianza kazi kubwa ya kusoma herufi zote za mwanadamu, na mwaka 2003 mradi huo ukatangazwa kuwa umekamilika.

Sasa, kobalti inahusianaje na maandishi hayo? Ikizidi mwilini, huweza kuchochea madhara yanayofanana na kutu inayoshika chuma. Herufi nyingine huharibika. Mwili haukai bure: huikata sehemu iliyoharibika, huiweka nzima mahali pake, na kuitupa ile mbovu pamoja na mkojo. Mabaki hayo ndiyo waliyoyapima wataalamu.

Tusielewe vibaya. Vipimo hivyo havikusema kwamba kila mtoto wa Kasulo atakuwa mgonjwa. Vilisema kwamba miili yao inajeruhiwa na inafanya kazi ya kujiponya. Lakini swali la mzazi ni lingine: mwanangu atakuwaje baada ya miaka 20? Nao wajukuu je? Swali hilo si la kupuuzwa, kwa maana mwaka 2020 ulitangazwa uchunguzi mwingine, uliofanywa Lubumbashi, ulioonyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili ilikuwa kubwa zaidi pale baba yake alipofanya kazi zinazohusiana na madini.

Kazi isiyowezekana kwa macho

Ili kulijibu swali hilo, yafaa watoto wengi wafuatwe kwa miaka mingi, DNA yao isomwe, nayo ilinganishwe na ya wengine. Kwa macho kazi hiyo haiwezekani. Mtu akisoma herufi moja kila nukta, asilale wala asile, atahitaji miaka zaidi ya 90 kumaliza herufi za mtu mmoja tu. Kwa sababu hiyo imezaliwa elimu mpya iitwayo bayoinfomatiki. Ni elimu ya kutumia hesabu na kompyuta kuyasoma maandishi ya viumbe na kuyafahamu maana yake.

Mfano wa faida yake tunao katika nchi yetu yenyewe. Mwezi wa Septemba 2023, ugonjwa wa mpox uliwapata watu wa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu ya Kusini. Wataalamu wa Kongo, wakiwamo wale wa taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa, walizisoma herufi za DNA ya virusi hivyo, wakazilinganisha kwa kompyuta na zile za virusi vya miaka iliyotangulia. Wakaona mabadiliko ya namna moja yakirudiarudia, alama ambayo mwili wa mwanadamu huiacha katika virusi unapopambana navyo. Hivyo wakatambua kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu, wala haukuwa ukitoka kwa wanyama kila mara. Aina hiyo mpya ikaitwa Ib. Ikiwa maandishi ya ugonjwa wa Kamituga yalisomwa na Wakongo, kwa nini ya watoto wa Kolwezi yasisomwe na vijana wa Kolwezi?

Njia ya kufuata

Wewe mwanafunzi unayetamani kazi hii, fahamu kwamba mlango wake ni hesabu, biolojia na kemia. Usizikimbie ungali sekondari. Katika chuo kikuu, kama kile cha Lubumbashi, waweza kuanza na udaktari, biolojia au elimu ya kompyuta. Baada ya hapo, shahada ya pili ya bayoinfomatiki hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Huko masomo ni kwa Kiingereza; basi wewe uliyesoma kwa Kifaransa, anza kujifunza lugha hiyo mapema. Programu nyingi za kazi hii hutolewa bila malipo, na herufi za viumbe wengi zimewekwa katika hazina ambazo mtu yeyote duniani aweza kuzifungua. Ni kweli kwamba kompyuta yahitaji umeme, na umeme hukatika hata kwetu sisi tunaokaa karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke. Kikwazo hicho kizito hakijawazuia wote.

Nanyi wazazi, twajua mawazo yenu. Baba aweza kusema: "Elimu hii hata jina lake silijui, na ada ni nyingi. Kijana wa jirani anashuka shimoni asubuhi, na jioni analeta unga." Hatumlaumu baba huyo, kwa kuwa njaa haingoji diploma. Lakini na atazame mawe yenyewe. Huchimbwa kwetu, hupakiwa malori, huenda kukamilishwa mbali, na faida kubwa hubaki huko. Tukikosa wasomi wetu, hata habari za miili ya watoto wetu zitakwenda vivyo hivyo: damu itatoka Kolwezi, majibu yatasomwa kwingine, na mama wa Kasulo atakuwa wa mwisho kuambiwa.

Profesa Banza na wenzake wameuliza swali la kwanza. La pili lahitaji watu watakaokaa karibu na watoto hao mpaka wawe watu wazima, watakaomweleza mama matokeo kwa Kiswahili chake, na kumwomba ruhusa kabla ya kumchoma mwanawe sindano. Watu hao leo wamekaa katika madarasa yetu. Mzazi mwenye mtoto apendaye hesabu asiharakishe kumpa sururu.