Watu wa Mlimani Wapandapo Meli

Sisi tukaao chini ya mlima Meru tu watu wa nchi kavu. Twaijua migomba na kahawa, twaijua mito iteremkayo mlimani, na mvua inyeshapo twajua ni kijito gani hakivukiki. Lakini bahari iko mbali nasi: toka Arusha hata Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa 600, na wazee wetu wengi walizeeka bila kukanyaga sitaha ya chombo. Siku hizi mambo yamegeuka. Shule zifungwapo, jamaa nyingi hushuka pwani, baba na mama na watoto, wakavuka hata Unguja ili kuutazama mji wa kale na kuoga baharini. Wengine wana ndugu Bukoba au Ukerewe, nao hupita katika Ziwa Viktoria.

Safari hizi ni njema. Huwafurahisha watoto na kuwafundisha nchi yao, na watu wa nyumba moja hupata nafasi ya kuzungumza pamoja. Hatuandiki haya ili kuwatia wasomaji hofu. Twaandika kwa kuwa abiria naye ana kazi yake chomboni, na wengi hudhani ya kuwa kazi yote ni ya nahodha.

Mambo yaliyotokea

Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba, iliyotoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili majina yao yalikuwa yameandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hesabu kamili ya waliokufa haikupatikana, ila yajulikana ya kuwa walikuwa mamia mengi.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander I ilizama katikati ya Unguja na Pemba, ikiwa imepakia watu na shehena kupita kadiri yake. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na mamia wakapotea. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilipinduliwa na upepo mkali na mawimbi karibu na kisiwa cha Chumbe. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kilipokuwa karibu kufika gatini. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua abiria 101. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walijazana na mizigo yao. Waliokufa walikuwa 228, na waliookoka 41.

Neno lililo gumu kusemwa

Katika habari hizi jambo moja larudi mara kwa mara, nalo ni watu kupita kadiri. Na hapa ndipo abiria anapokuwa na neno. Chombo hakijazwi na nahodha peke yake, hujazwa pia na kila mtu asemaye moyoni, "Mimi mmoja sitaongeza uzito."

Twajua ya kuwa si rahisi. Baba amesafiri kutwa nzima na watoto wanne, nauli amekwisha lipa, ng'ambo wenyeji wanangoja, na mizigo i chini gatini. Chombo kimejaa hata milangoni, na watu nyuma yake wanasukuma. Kurudi nyuma hapo ni aibu, tena ni hasara. Lakini nauli ya siku moja hupatikana tena, na mwenyeji aliyengoja jana atangoja na leo. Mke akisema, "Baba Neema, chombo hiki kimejaa mno, tungoje kingine," mume asimjibu kwa ukali wala asitazame watu watasema nini. Na mume akisema hivyo, mke asimwone mwoga. Yafaa wakubaliane nyumbani, kabla ya safari, ya kuwa mmoja wao akikataa, wote wamekataa. Wakingoja kukubaliana gatini, haraka ya watu itawashinda.

Vivyo hivyo kwa majira. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa sita hata wa nane, bahari huchafuka, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia majira hayo hayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mawimbi. Baba mwenye nyumba aisikilize taarifa hiyo kabla hajakata tiketi, kama vile mkulima alitazamavyo wingu juu ya Meru kabla hajaanika kahawa yake.

Majina na mahali pa kukaa

Kila mtu na aandikwe jina lake, hata mtoto anyonyaye. Wako watu wampakatao mtoto mkubwa na kusema ni mchanga, ili wapunguze nauli. Shilingi chache zimeokolewa, lakini likitokea jambo, mtoto huyo hayumo katika orodha, wala hapana ajuaye kumtafuta. Kumbukeni daraja la tatu la meli Bukoba.

Mkisha kuketi, angalieni mambo matatu: milango ya kutokea iko wapi, majaketi ya kujiokolea yamewekwa wapi, na kama yapo ya kadiri ya watoto. Mabaharia waonyeshapo namna ya kuyavaa, acheni mazungumzo mkasikilize. Mwaka 2012, tarehe 13 Januari, meli kubwa ya matembezi, Costa Concordia, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio huko Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa. Wale waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa. Baada ya hapo sheria ya mataifa ilibadilishwa, zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara ing'oapo. Na jaketi la namna ya kujazwa hewa lisijazwe ndani ya chumba, maana maji yakiingia, mvaaji huinuliwa hata darini asiweze kuufikia mlango.

Chombo kikaribiapo gati, kaeni mpaka kifungwe kamba. Desturi ya watu kuinuka wote na kukimbilia upande mmoja, ili washuke kwanza, ni mbaya sana, kwa kuwa chombo kilichojaa huelemea upande wenye watu. Anayeketi hachelewi ila kwa dakika chache.

Adabu ya safari

Bahari ikichafuka, wengi wetu huchafukwa moyo. Kuleni chakula chepesi kabla ya safari, kaeni katikati ya chombo, mtazame mbali ukingoni mwa bahari. Atapikaye asichekwe, apewe maji na nafasi. Mizigo isizibe njia, wala pasipakiwe petroli au mafuta ya taa katika mizigo ya nguo. Wenye watoto wachanga na wazee wapishwe kwanza. Na mfikapo Unguja, kumbukeni ya kuwa mu wageni: vaeni nguo za heshima mjini, na kuamkia watu ni jambo la kwanza.

Kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja amshikaye, atajwe kwa jina: huyu wa mama, huyu wa shangazi. Mtoto wa watu wote hana amwangaliaye.

Neno kwa walimu

Nanyi walimu mwapeleka watoto wa watu safarini. Mna mahali pa kuwazoeza karibu na nyumbani. Huko Duluti, Tengeru, na katika ziwa dogo la Momella, watu huendeshwa katika mitumbwi kwa makasia. Mtoto aliyekwisha kuvaa jaketi huko, akafundishwa kuketi asisimame, na kumtii mwongozi, atayakumbuka hayo baharini. Wapandao Meru huongozwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, na hapana abishanaye naye; nahodha naye astahili utii uo huo.

Andikeni majina, wahesabuni watoto kabla ya kupanda na baada ya kushuka, na mpewe na wazazi idhini ya kuahirisha safari bila kulaumiwa. Mwalimu arudishaye darasa zima gatini, kwa kuwa chombo kimejaa, ataona watoto wanalia siku ile. Wazazi wao na wamshukuru.