Kuuza Nyumba Upesi Bila Hasara

Hutokea jamaa kulazimika kuuza nyumba upesi, pengine kwa ajili ya ugonjwa, pengine kwa uhamisho wa kazi. Haraka hiyo ndiyo mlango wa hasara. Basi tufanyeje?

Kwanza, tuweke hati tayari. Katika Kongo, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali; haki ya kukitumia kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji. Mnunuzi mwenye busara hatoi fedha asipokiona. Tena mume na mke wapatane kwanza.

Pili, tuzibe bati linalovuja, tupake chokaa, tufagie ua. Lakini ufa tusiufiche kwa rangi: mnunuzi akiugundua, atashuku na mengine yote.

Tatu, bei. Tuulize nyumba za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, wala si kiasi walichotamani wenyewe. Atajaye bei ya juu mno hungoja miezi mingi, hata watu huuliza nyumba ile ina kasoro gani. Mwishowe huitoa kwa bei ya kutupa. Tutaje bei ya haki tangu siku ya kwanza, ili jasho la wazazi lisipotee mbele ya watoto wao.