Baji Mgonjwa Nyumbani: Tiba za Asili Zifaazo na Zidhuruzo

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii yamfaa sana baji, yule kasuku mdogo wa rangi ya kijani, buluu au manjano anayefugwa katika tundu ukumbini mwa baadhi ya nyumba zetu. Asili yake ni nyika kavu za Australia, ambako ndege hawa huruka kwa makundi makubwa wakifuata mvua na mbegu za nyasi. Mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wameenea duniani kote. Lakini tabia ya nyikani hawakuiacha. Huko, ndege aonyeshaye unyonge ndiye wa kwanza kunyakuliwa na kipanga. Kwa hivyo baji huficha ugonjwa wake kwa kadiri awezavyo. Husimama kijitini kama kawaida, hudonoa mbegu kana kwamba anakula, na hunyamaza. Siku atakapokutwa chini ya tundu amejivimbisha manyoya, aghalabu maradhi huwa yalianza siku nyingi nyuma.

Hapo ndipo aila nzima hutaharuki. Watoto hulia, na mama hukimbilia jikoni kutafuta asali, tangawizi, siki au habasoda, kwani ndizo dawa alizozizoea kwa wanawe. Nia ni njema, lakini swali la kujiuliza ni hili: katika vitu vya asili tulivyo navyo majumbani, ni vipi vimfaavyo ndege huyu, na ni vipi vitakavyomwua?

Mwili wa gramu 35

Baji ana uzito wa takriban gramu 30 hadi 40, na wale waliozalishwa kwa ajili ya maonyesho huzidi hapo. Mtu wa kilo 70 ni mzito mara 2000 kuliko baji wa gramu 35. Tukigawanya kijiko kimoja cha chai cha dawa, yaani mililita 5, kwa kipimo hicho, fungu la ndege ni kama sehemu moja ya ishirini ya tone moja. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kupima hivyo jikoni. Ndiyo maana asali, habasoda na maji ya mwarobaini, hata kama vina sifa kubwa kwetu, visitiwe kinywani mwa baji kwa kukisia. Zaidi ya hayo, kumshika ndege dhaifu na kumtia kitu cha majimaji kwa nguvu huweza kumpalia, kikaingia mapafuni, akafa papo hapo.

Uzito huo mdogo una faida moja: hupimika. Mzani wa jikoni unaosoma gramu unatosha. Mpime ndege wako mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, na uandike. Baji wa gramu 35 akipungua gramu 3 au 4, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hiyo ni dalili ya ugonjwa hata kama bado anaimba.

Dalili nyingine husomwa katika karatasi iliyotandikwa chini ya tundu. Kinyesi cha baji mzima kina sehemu tatu: kipande cheusi au cha kijani kilichoshikana, uji mweupe, na majimaji kidogo. Kipande kikilegea, uji mweupe ukigeuka manjano au kijani, au kukionekana damu au mbegu zisizosagika, kuna jambo. Kadhalika, tazama mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi, macho yanayofumba mchana, na manyoya yaliyorowana juu ya mdomo kwa matapishi.

Joto ndiyo dawa ya kwanza

Tiba ya asili iliyo bora kuliko zote kwa baji mgonjwa ni joto. Mwili wake hukaa katika nyuzi 41 hivi, na ndege mgonjwa asiyekula hutumia nguvu zake zote kulinda joto hilo, asibakiwe na nguvu za kupigana na maradhi. Kujivimbisha manyoya ni ishara kwamba ana baridi, hata kama wewe unatokwa na jasho.

Hamishia tundu mahali patulivu pasipo upepo. Lifunike pande tatu kwa kanga au shuka safi, ukiacha upande mmoja wazi kwa hewa. Karibu na upande mmoja weka chupa ya maji moto iliyozungushiwa kitambaa, ili joto la hapo lifike nyuzi 30 hivi. Usilipashe tundu lote. Ndege apate nafasi ya kusogea akitaka. Akiachama mdomo, akahema na kuyatenga mabawa na mwili, joto limezidi. Shusha vijiti karibu na sakafu ya tundu, na weka chakula na maji pale alipo. Suke zima la mawele humvuta kula hata ndege aliyekataa mbegu bakulini.

Usiku wa msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, joto la aina hii huhitajika zaidi. Katika kaskazi mambo hugeuka: Januari hadi Machi baji huweza kuzidiwa na jua la dirishani. Dawa yake ni kivuli, hewa inayopita, maji ya kunywa yanayobadilishwa mara kwa mara, na kumnyunyizia ukungu mwepesi wa maji ya kawaida. Usimtie katika maji ya barafu.

Kuharisha

Si kila kinyesi chepesi ni kuharisha. Ndege aliyekula mboga nyingi za majani au aliyeogopa hutoa majimaji mengi, lakini kipande chenyewe hubaki kimeshikana. Katika hali hiyo, ondoa mboga na matunda kwa siku moja, umpe mbegu kavu na wali mkavu kidogo uliopikwa bila chumvi, mafuta wala nazi. Badilisha maji na uoshe chombo chake kwa maji ya moto. Mara nyingi hilo hutosha. Lakini ikiwa kipande chenyewe kimelegea, au manyoya ya nyuma yameganda uchafu, au siku moja imepita bila nafuu, ndege huyo ahitaji daktari.

Wafugaji wengi huisifu siki ya tufaha iliyochanganywa na maji. Haijathibitika kwamba yaponya. Yupo baji anayekula kutwa huku akikonda, akitapika na kutoa mbegu nzima katika kinyesi. Huyo aweza kuwa na kuvu tumboni, na kuvu hiyo haiondoki kwa siki bali kwa dawa maalumu itolewayo na daktari. Kungoja siki ifanye kazi ni kumpotezea ndege siku alizobakiwa nazo.

Mbegu peke yake ni njaa iliyofichika

Maradhi mengi ya baji wa nyumbani huanzia katika bakuli. Mtama, wimbi na mawele humshibisha, lakini mbegu kavu zina upungufu wa vitamini A, kalisiamu na iodini. Ukosefu wa vitamini A hudhoofisha ngozi ya pua, koo na mapafu, akawa mwepesi wa kushikwa na mafua. Ukosefu wa iodini huvimbisha tezi ya shingoni, yaani rovu. Uvimbe huo hulibana koo, na ndege akawa apumua kwa mlio wa kukereza na kutapika chakula. Ukosefu wa kalisiamu humfanya jike ashindwe kutoa yai.

Hapa ndipo tiba za asili zina nafasi yake halisi, nazo ziko karibu nasi. Sukuma wiki, majani ya mronge, karoti iliyoparuzwa, boga la manjano na pilipili hoho vina kile ambacho mwili wa ndege hutengenezea vitamini A. Mchicha ni mzuri, ila usiwe wa kila siku kwa kuwa huzuia kalisiamu isitumike vyema. Osha mboga kwa maji mengi, kwani dawa za shambani humdhuru ndege upesi. Waweza pia kuloweka wimbi usiku kucha, kulisuuza, na kumpa likianza tu kuchipua. Ni chakula bora kwa ndege anayebadili manyoya. Ondoa masalio baada ya saa chache, kwani hewa ya pwani huotesha kuvu haraka. Mbegu zenye harufu ya uvundo zitupwe. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa karanga zilizoota kuvu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu iitwayo aflatoksini.

Kwa kalisiamu, bahari yenyewe imetupa dawa: ule mfupa mweupe na mwepesi wa ngisi unaotupwa ufuoni na mawimbi. Uroweke katika maji matamu kwa siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku hadi chumvi itoke, kisha uuanike juani ukauke kabisa na uufunge tunduni. Iodini ina utata zaidi, kwa kuwa ikizidi nayo hudhuru. Mwani wa ufuoni usitumike kwa kukisia, bali nunua jiwe la madini lililotengenezewa kasuku wadogo.

Jike anayejikunja chini ya tundu na kusukuma bila yai kutoka yu katika hatari ya saa, si ya siku. Mpe joto na bakuli la maji ya uvuguvugu karibu yake ili hewa ipate unyevu, kisha mkimbize kwa daktari. Usimkande tumbo wala kulivuta yai, kwani likipasuka ndani atakufa.

Utitiri na magamba

Magamba meupe yenye vitundu kama sega la nyuki, yaotayo juu ya mdomo, kandokando ya macho na miguuni, ni kazi ya utitiri mdogo usioonekana kwa jicho. Wazee wa ufugaji hupaka mafuta ya mgando. Ni kweli kwamba hulainisha magamba, lakini yakienea katika manyoya, ndege hawezi tena kuhifadhi joto. Dawa ya uhakika ni ivermektini, ambayo daktari huipima kulingana na uzito wa ndege.

Utitiri mwekundu ni mwingine: mchana hujificha katika nyufa za tundu, na usiku hutoka kufyonza damu. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku. Ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea asubuhi, umeujua. Mhamishe ndege, mimina maji yanayochemka katika kila pembe ya tundu, uvichome moto vijiti vya zamani na uweke vipya. Usimpulizie ndege dawa ya wadudu.

Udi, makaa na kikaango

Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, hivyo huchukua hewa kwa wepesi mkubwa kuliko yetu, na sumu vilevile. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliwachukua ndege wadogo aina ya kanari migodini hadi miaka ya 1980: ndege alianguka kabla ya mtu kuhisi lolote.

Nasi katika nyumba zetu hufukiza udi na ubani wajapo wageni, siku za harusi, na mzazi anapokuwa uzazini. Huwasha jiko la makaa, na usiku dawa ya mbu ya kuwasha. Haya yote humdhuru baji. Hatukuambiwi uache udi. Twakuomba umtoe ndege kwanza, umpeleke chumba kingine chenye madirisha wazi, na usimrudishe hadi moshi umeisha. Vikaango visivyogandisha chakula vina hatari kubwa zaidi: vikiachwa motoni vikaungua, hutoa hewa isiyo na rangi inayoweza kuwaua ndege wa chumba kizima kwa dakika chache. Jikoni si mahali pa tundu kabisa.

Na katika chakula, kumbuka kuwa parachichi, tunda tulipendalo, ni sumu kwa baji hata kwa kiasi kidogo. Chokoleti, kahawa, vitunguu na chumvi navyo visimkaribie.

Ukomo wa tiba ya nyumbani

Tiba ya nyumbani ni ya kumtegemeza ndege hadi msaada ufike, si badala yake. Ikiwa hajala kwa siku nzima, anatokwa na damu, anahema kwa mkia, au ameshindwa kusimama kijitini, mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Hata ambaye wateja wake wengi ni wafugaji wa kuku na ng'ombe aweza kupima kinyesi na kukadiria dawa. Nenda na karatasi ya chini ya tundu na daftari la uzito.

Na nyumba nayo ijilinde. Kuna homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumpata mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu. Lowesha kinyesi kabla ya kufagia, osha mikono kwa sabuni, na mama mjamzito asiachiwe kazi ya kusafisha tundu. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa na kikohozi, amwambie daktari kwamba anafuga ndege. Ugonjwa huo una dawa ukijulikana mapema.

Baji wa nyikani akikosa maji huruka kuyatafuta. Wa kwetu hana pa kuruka. Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na hesabu aliyoandikiwa. Anayefunga mlango wa tundu amejitwika dhima ya kila kilicho ndani yake: hewa anayovuta ndege, bakuli lake, na kumtazama kila asubuhi ili maradhi anayoyaficha yaonekane mapema.