Heparini: Sukari Inayotoka kwa Matumbo ya Nguruwe na Kuzuia Damu Kuganda

Kama kuna mtu kwenu huenda hosi kusafishwa damu juu ya figo, kuna uwezekano mkubwa anawekewa dawa inaitwa heparini. Damu ikizunguka kwa mipira ya mashine inataka kuganda. Ikiganda, mashine inaziba. Heparini ndio huzuia hiyo ngori.

Hii kitu ni nini basi? Wasee, ni sukari. Si ile ya chai: ni mnyororo mrefu wa sukari uliojaa salfeti, na hizo salfeti huipa chaji hasi kali mno. Ikiingia kwa damu, inashika protini inaitwa antithrombini. Hii protini ikiwa solo hufanya kazi pole pole, lakini ikishikwa na heparini inazima vimeng'enya vya kugandisha damu haraka zaidi, kama mara 1,000. Lakini cheki, heparini haiyeyushi damu iliyoganda tayari. Inazuia tu isizidi.

Iligunduliwa 1916 huko Johns Hopkins, Marekani. Mwanafunzi Jay McLean alikuwa anasaka kitu cha kugandisha damu, akapata kinyume kwa maini ya mbwa! Jina lenyewe limetoka kwa neno la Kigiriki la ini. Siku hizi nyingi hutolewa kwa matumbo ya nguruwe.

Kwa maabara pia iko kazini. Watafiti huibandika kwa vishanga, wanapitisha mchanganyiko wa protini, na zile zinazopenda hiyo chaji zinanata. Hivyo ndivyo husafisha protini wanazotaka kuchunguza.

Lakini 2007 na 2008 mambo yaligeuka noma. Wagonjwa Marekani, wengi wao wa figo, walianza kuanguka presha ghafla, na makumi ya vifo vikahusishwa na dawa hii. Ilipatikana kuwa malighafi kutoka Uchina ilichanganywa na kondroitini iliyoongezwa salfeti, kitu cha bei rahisi kinachofanana na heparini hadi vipimo vya wakati huo vikadanganyika. Baada ya hapo vipimo vikakazwa.

So daktari akikuuliza kama una vidonda vya tumbo au hutokwa damu ovyo, usimfiche. Dawa inayozuia damu kuganda inaweza pia kukufanya uvuje bila kujua.