Je, Wajua? Wati, Yuniti na Maji ya Masinga

Je, wajua kwamba kati ya mabwawa matano ya Seven Forks kwenye Mto Tana, lile lenye ziwa kubwa kuliko yote ndilo lenye mitambo ya megawati chache zaidi? Ni Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Ziwa la Masinga lilijengwa libebe maji mita za ujazo milioni 1,560, lakini mitambo yake miwili ni ya megawati 40 tu. Telemka na mto, upite Kamburu, ufike Gitaru: hapo pana megawati 225, kituo cha maji chenye nguvu kupita vyote nchini Kenya, ilhali ziwa lake ni la mita za ujazo milioni 20 hivi.

Megawati husema mitambo inaweza kutoa stima kwa kasi gani. Maji yaliyolala ziwani ni nishati, akiba ya kutumika leo au baada ya miezi mitatu, na hiyo huhesabiwa kwa kilowati-saa. Gitaru ina kasi, Masinga ina akiba. Maji ya masika huwekwa hapo yaje kutumika kiangazi, na yakifunguliwa hupitia pia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakizungusha mitambo ya vituo vitano kabla ya kuelekea Garissa. Anayelidharau Masinga kwa sababu ya megawati zake 40 amelipima kwa kipimo kisicholifaa.

Ukame wa mwaka 2009 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Ziwa lilishuka hadi kampuni ya umeme ya KenGen ikazima mitambo ya Masinga. Mashine zilikuwa nzima, megawati 40 zilikuwa palepale. Kilichokwisha ni nishati.

Je, wajua yuniti moja ya tokeni inagharimu maji kiasi gani? Yuniti ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikitumika saa nzima. Maji lita 1,000 yakiporomoka mita 100 hutoa takriban robo ya yuniti. Kwa hiyo matangi manne ya lita elfu moja, kama yale meusi tunayoyaona nyuma ya nyumba, lazima yaporomoke mita zote hizo ili mita yako ihesabu yuniti moja. Na yuniti hiyo inafanya nini? Huchemsha maji ya chai lita kumi hivi, basi. Lita elfu nne kwa lita kumi! Lakini yuniti hiyohiyo huwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa saa 111, zaidi ya siku nne mchana na usiku. Kupasha moto ndiko kunakomeza nishati. Mwanga wa siku hizi hauombi mengi.

Kuhusu hesabu yenyewe: wati huzidishwa kwa saa, hazigawanywi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu yuniti. Anayeandika kwamba kituo fulani huzalisha “megawati 40 kwa saa” amechanganya vipimo viwili, na kosa hilo limejaa hata magazetini.

Jina la wati linamkumbuka James Watt wa Scotland, aliyeboresha injini ya mvuke na kuilinganisha na kazi ya farasi. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746 hivi, na kipimo hicho bado kimeandikwa kwenye mota za mashine za kusaga unga. Mota ya farasi 15 ni kilowati 11. Ikisaga saa moja bila kupumzika, yuniti 11 zimekwenda.

Je, wajua betri ya gari ina stima kidogo mno? Ile ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, chini ya yuniti moja. Hata hivyo, injini inapowashwa, betri hiyo hutoa zaidi ya kilowati nzima kwa sekunde chache. Ina nguvu nyingi, nishati haba. Simu nayo haili kitu: yuniti moja yaweza kuichaji zaidi ya mara 40.

Ukifuata barabara ya Thika hadi Garissa utakuta kituo cha sola cha megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019. Kwa megawati kinalishinda Masinga. Lakini kilipangwa kutoa megawati-saa 76,000 hivi kwa mwaka, sawa na kufanya kazi kwa nguvu zote saa nne tu kila siku. Usiku ni sufuri, na mahitaji ya Kenya hufika kilele jioni, baada ya jua kutua.

Transfoma ya mtaani haijali umetumia yuniti ngapi tangu mwezi uanze. Inajali wati zinazovutwa kwa pamoja sasa hivi, ndiyo maana huungua jioni.

Bei ya nafuu ya stima ya nyumbani, kinyume chake, haijali wati hata kidogo. Tangu Aprili 2023 inawafaa wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, yaani wastani wa wati 42 usiku na mchana. Birika la wati 2,000 likitumika robo saa kila siku ni yuniti 15, na bado umo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiachwa iwake mwezi mzima ni yuniti 43, nawe umeshatoka.