Embe 500, Kilo 0.00

Msimu wa embe ukifika Machakos, dalali huingia shambani akahesabu matunda. Kiwanda cha sharubati hupima kwa kilo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos anayeandika programu ya mauzo kwa lugha ya C lazima aamue mapema: kiasi kilichouzwa atakihifadhi vipi?

Hapo ndipo strakta na yunioni zinapoachana njia. Strakta hukusanya data za aina mbalimbali chini ya jina moja, na kila sehemu hupewa nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiweka humo idadi, ambayo ni namba kamili ya baiti 4, na uzito, namba ya desimali ya baiti 4, zote mbili zinakaa humo hata moja ikiwa haina kazi. Yunioni huandikwa karibu vivyo hivyo, ila sehemu zake zote huanzia mahali pamoja. Hapa itachukua baiti 4 tu. Ukiandika uzito, idadi imefutika.

Tuseme mkulima ameuza embe 500 na karani ameingiza idadi kwenye yunioni hiyo. Programu ikisoma uzito kutoka mahali palepale, baiti zilezile zinafasiriwa kama desimali na skrini inaonyesha kilo 0.00. Jasho la msimu mzima limepotea, wala kompaila haikutoa onyo. Kinyume chake, kilo 500 zikisomwa kama idadi zinakuwa embe 1,140,457,472.

Kwa hiyo yunioni isiachwe peke yake. Itie ndani ya strakta, kando yake weka sehemu ya aina inayosema kilichomo ni idadi au uzito, na programu iikague kabla ya kusoma chochote. Wengi hufundishwa kwamba yunioni ni ya kubana nafasi tu. Kwangu, faida yake kubwa ni kutamka wazi kwamba mauzo haya ni ya hesabu au ya mizani, kamwe si yote mawili.

Nafasi nayo ina mahali pake. Kwenye laptopu, baiti 8 kwa rekodi, sehemu ya aina ikiwemo, badala ya 12 hazimshughulishi mtu. Lakini bodi ya Arduino Uno R3, inayoweza kuunganishwa na mizani, ina RAM ya baiti 2,048. Huko namba kamili ni baiti 2, na alama ya aina inatosha kwa baiti 1: rekodi 200 zenye yunioni hula baiti 1,000, bila yunioni, 1,400.